Kravati za Papa Yako Sikuzikata

Nyakasanza, jioni

Noela mwanangu,

Habari ya sabuni, ya dawa ya malaria na ya kuficha simu mu gari, sitaandika. Nimekuambia tangu juzi mpaka ukanijibu, "Mama, nimesikia," na ile sauti yako ya kufunga mutu kinywa. Sawa. Umeenda mutaa wa Bigo kuaga wenzako wa korali ya kanisa, na uliniahidi kurudi mbele giza haijaingia. Sasa jua imeshuka nyuma ya paa ya jirani, miguu yako siisikii, na nikikaa mikono mitupu nitatoka kusimama barabarani kama mutu aliyepoteza mbuzi. Ndiyo maana nimekamata biki na karatasi za mwisho za daftari lako.

Kesho asubuhi unapanda gari ya Mahagi, na kati yetu kuna jambo moja tunalizunguka kama watu wanaozunguka shimo katikati ya nyumba. Ni kravati za Papa yako.

Weye na miye tunakumbuka siku Baba mukubwa yako alipiga simu. Alianza vizuri. Alisema chumba yako iko tayari, utasoma uuguzi, bibi yake amekwisha kukutafutia godoro, na kwake mutoto wa mudogo wake ni mutoto wake. Kisha akakohoa, vile wanaume wa familia ile wanakohoa wakitaka kusema neno. Akasema miaka imepita ya kutosha. Noeli hii familia inataka kumaliza matanga ya ndugu yao, hata kama kaburi hakuna.

"Mama Noela, unashonea wajane wote wa Bunia blanketi ya kravati za bwana zao," akasema. "Bwana yako mwenyewe, utamushonea lini? Umupe mutoto aje nayo."

Ulikuwa umesimama nyuma yangu na sauti ya simu ilikuwa kubwa. Ulingoja nimalize. Hukulia. Ulisema tu: "Siku utatia makasi mu kravati za Papa, usinihesabu tena mu nyumba hii. Nitaenda na sitarudi." Ukaenda kuosha sahani. Tangu siku ile tunazungumza habari ya sabuni.

Sikukujibu siku ile, na hilo najua lilikuumiza kuliko kama ningekupiga kofi. Nilikuwa natafuta jibu na mikono, juu ya kuwa kinywa changu kimekwisha kukosea na weye mara moja, na sikutaka kikosee tena.

Kumbuka bwana ya Mama Esta.

Mama Esta alikuja na kravati nne za bwana yake, mwinjilisti wa upande wa Djugu. Vita ilipita kijiji chao, bwana hakuonekana, na kuna mutu aliapa kwamba alimuona amelala kando ya njia. Familia ililia, ikakaa matanga, ikanyoa, ikamaliza. Miye sikati kravati ya mutu kama matanga haijaisha, hiyo ndiyo sheria yangu, na nilimuuliza mara mbili: imeisha? Akasema imeisha. Basi nikafanya kazi yangu ile umeiona tangu utoto: nikafumua mushono wa nyuma, nikatoa kile kitambaa kigumu cha ndani, nikafua na maji baridi juu rangi isikimbie, nikapiga pasi, nikakata vipande, nikavishona juu ya shuka kuukuu. Mama Esta alipokea blanketi yake, akaikunja usoni, akaenda.

Mwaka haukuisha. Ilikuwa siku ya mvua, ulikuwa unamenya ndizi hapo mulangoni. Akaja mwanaume amekonda, shati imefungwa mpaka kifungo cha mwisho, shingo iko wazi. Alisema polepole, kama mutu anayeuliza njia:

"Hodi. Ni hapa kwa mama aliyenikata shingo?"

Kisu chako kilianguka. Kisha yule mwanaume akacheka, na nyuma yake Mama Esta alikuwa anacheka na machozi, na ndipo tukaelewa. Alikuwa amevuka ziwa mpaka Uganda na watu asiowajua, akakaa mu kambi bila simu, akaugua, akapona, akarudi akakuta amelala kitandani kwake vipande vipande. Alitaka nimurudishie ile moja ya siku ya ndoa yake.

Nilijaribu. Kitambaa cha kravati kinakatwa kwa mushazari, unajua, ndiyo maana kinafunga shingo vizuri. Ukishakikata vipande hakitaki tena kunyooka. Niliunga, nikafumua, nikaunga. Ikatoka kitu kinachojipinda kama mukia ya mbuzi. Akaivaa vilevile Jumapili, ku kanisa, na watoto wakacheka mpaka mama zao wakawafinya. Yeye alihubiri nayo.

Sasa kosa langu. Kukata halikuwa kosa. Walinidanganya na wao walidanganywa. Kosa langu ni jioni ya siku ile. Nilikuvuta ku magoti yangu, na ulikuwa umekwisha kuwa mukubwa kwa magoti, nikakuambia, "Umeona? Hata Papa yako atarudi." Nilikuwa na furaha ya mutu mwingine mu kichwa, kama pombe. Nilitaka kusikia mutu akisema neno lile, na hapakuwa mutu, basi nikalisema mwenyewe, na nikalisema kwako.

Tangu pale ulikula ukiangalia mulango. Mwaka mmoja, miwili. Nilikuona na sikurudisha neno langu, juu sikujua namna ya kulirudisha. Kusema "Papa atarudi" nilikuwa sina haki, na kusema "Papa hatarudi" pia sina. Mama wengine wana kaburi la kuonyesha mutoto. Miye nilikuwa na karto, boksi ya kravati chini ya kitanda.

Ile karto yenyewe unajua ilitoka wapi. Lakini ulikuwa mutoto, pengine unaikumbuka kwa vipande, na napenda uipate nzima.

Papa yako alifundisha kwetu Fataki, ku njia ya Mahagi, mu shule ya udongo, na kila siku ya kazi alivaa kravati. Alizipata ku soko ya nguo kuukuu, mule ndani ya balo za mitumba, na wauzaji walimupa karibu bure, juu watu wengine walizinunua kwa kufunga kuku miguu. Kulikuwa na moja ya mabata madogo, aliivaa siku za mitihani juu watoto wasiogope. Moja ya miavuli. Moja ya kijani iliyobanduka rangi mahali kidevu chake kiliigusa. Miye nilikuwa musichana tu, umri unao leo nilikuwa na weye mugongoni, na niliona haya kutembea na mwanaume mwenye mabata shingoni. Wanafunzi walimuchokoza: "Mwalimu, shingo haichoki?" Naye aliwajibu, "Inachoka sana. Lakini weye mutoro unaniona toka mbali, unapata wakati wa kurudi darasani."

Siku ya kukimbia vita tulikuwa na karto mbili karibu na mulango. Moja ilikuwa na diploma yake na karatasi za kazi, ya pili kravati. Nilikuwa na weye mukono mumoja, na kwa ule mwingine nikabeba karto moja bila kuangalia ndani. Hapa Bunia, tulipofungua, mabata yakatuangalia. Papa yako alicheka mpaka akakaa chini. Miye sikucheka, na nilikuwa na haki kutocheka, juu bila zile karatasi hakuna mutu angemupa darasa hapa, na mwezi uliofuata akasema anarudi kuzitafuta, kwenda na kurudi, njia imetulia.

Alikuwa amefanya kibarua cha siku chache mu shule moja hapa, na alikuwa amevaa kravati ile ya bluu. Weye unajua tabia yake: hakufungua fundo. Alilegeza, akapitisha kichwa, akatundika ku musumari, kesho akaingiza kichwa tena. Asubuhi ya safari aliiacha imetundikwa hivyo, na fundo lake, akavaa jezi ya mupira. Nikamuuliza mbona anaenda kama kijana wa mutaa. Akasema, "Leo sitaki kuonekana toka mbali."

Ni neno la mwisho aliniambia ndani ya nyumba. Barabarani alisema tena nisisahau chumvi.

Sikuandikii haya unihurumie habari ya karto. Nimekwisha kujihukumu miaka mingi, na nimechoka, na kesi ile haikuniletea hata unga. Mutu anayekimbia na mutoto anabeba kile mukono unashika. Ningejua kulisema mapema ningelala vizuri zaidi, na pengine ningekupigia kelele kidogo.

Lakini kuna kosa la pili, na hili ndilo nataka ulibebe kwenda Mahagi, kuliko mafuta na unga niliyofunga.

Mulango wetu wa bati wa kwanza, ule wa nyumba ya chini, ulikuwa na ujanja wake. Unainua kidogo, unasukuma na goti, inafunguka bila ufunguo. Papa yako ndiye aliugundua. Alipokawia, mwenye nyumba alitaka kutia kufuli mupya, miye nikakataa. Nilimwambia bwana yangu atarudi usiku atakosa namna ya kuingia. Akaniangalia vile watu wanaangalia muwele, akaenda zake. Basi tulilala hivyo, miezi na miezi, mulango unaofunguka na goti. Na siku moja goti lilikuja, halikuwa lake. Uliingia chini ya kitanda kabla sijakuambia. Wezi walibeba masini yangu ya kushona, ile Papa yako alininunulia, walibeba sufuria na chakula ndani yake. Mumoja aliinama, akaangalia chini ya kitanda, na nikaona macho yake yamekutana na yako. Kisha akasimama, akatoka. Sijui kwa nini. Kila mara nakumbuka kile kichwa kinainama.

Asubuhi nilitia kufuli mwenyewe, na nilipopiga musumari wa mwisho nililia kama mutu anayefunga sanduku ya mufu. Nilidhani nimemufungia Papa yako inje. Ilinichukua muda mrefu kuona jambo dogo kama hili: mutu wa nyumba akirudi, akikuta kufuli, atapiga hodi. Hakuna zaidi ya hapo. Unaweza kungoja mutu na mulango imefungwa.

Ni pale nilianza kushona na mukono, juu masini hakuna, na ni pale jirani yetu mujane aliniletea kravati za bwana yake akasema nimutafutie kitu cha kufanya nazo. Kazi yote hii imetoka ku mulango ile.

Sasa nakuja ku blanketi.

Nimeishona. Usiruke juu, maliza kusoma. Niliishona mchana ukiwa umeenda kutafuta karatasi zako za shule, na nilipokusikia niliificha chini ya nguo chafu. Makasi haikugusa hata moja. Nimezipanga nzima, moja kichwa juu, moja kichwa chini, sehemu pana karibu na sehemu nyembamba, na hivyo zinakaa sawa kama mbao. Nimezishikisha juu ya shuka letu la Fataki na uzi mweupe, mishono mirefu, ile tunayofanya ya muda mbele ya kushona kabisa. Na sindano haikupita usoni. Imeshika mugongo tu, ile kitambaa cha nyuma. Ukigeuza utaona uzi wote, sikuuficha. Ukivuta ncha moja, kravati inatoka nzima, bila tundu, na mutu anaweza kuivaa siku ile ile. Mabata yako katikati. Si kubwa, itafunika kifua na magoti, miguu utavaa soksi.

Asubuhi ya leo nilimupigia Baba mukubwa yako. Sikutaka ufike kwake na mambo ambayo mama yako hakuwa na nguvu ya kusema. Nilimwambia kravati zinakuja, lakini hazikukatwa, na miye matanga sijamaliza. Kisha akasema, "Hiyo si blanketi, Mama Noela. Ni kamba umepanga."

Nikamwambia, "Ndiyo, Shemeji. Na kamba inafunguka."

Akakohoa. Akasema mutoto aje, wataona. Sijui "wataona" hiyo ina nini ndani. Sijui kama Noeli watakuomba uitoe mbele ya watu, na kama shangazi zako watakusema. Anamulilia ndugu yake vile anaweza, usimuone adui. Analipa masomo yako na analala vibaya kama siye. Mwite Baba, mutii ku kazi na ku saa ya kurudi nyumbani. Ku blanketi, mwambie ni ya mama, na mama yuko Bunia, namba yake anayo.

Sasa uzuie hasira, juu nakuja ku jambo la mwisho na halina utamu.

Nilipopanga kravati, moja ilikosa. Ile ya bluu. Nilitafuta mu karto, nikatikisa kitanda, kisha nikaangalia mu sakoshi yako ya safari. Iko ndani ya soksi, na fundo lake. Umeikunja vizuri, fundo halikulegea. Sikuitoa. Niliigusa tu na kidole pale vidole vyake vilikaza, nikafunga sakoshi.

Ningekuwa na hiyo tu, ningenyamaza. Lakini bibi ya shofere wa gari yako nilimushonea, na amenieleza kwamba binti yangu alienda kuuliza gari inasimama Fataki muda gani, na kama mutu anaweza kushuka na kungoja gari ingine.

Usishuke Fataki.

Naandika mara ya pili uione: usishuke Fataki. Miye nilienda. Hukujua, ulikuwa kwa mama wa korali na nilikuambia naenda kulima. Niliuliza ku soko, ku parokia, ku watu wa barabara, niliuliza mpaka watu wakaanza kunikimbia. Nyumba yetu haina paa, mahindi ya mutu yanaota mahali kitanda chako kilikuwa. Niliingia katikati ya mahindi yale nikaangalia chini, kila mustari. Karto ya karatasi hakuna. Papa hakuna. Ningekuwa nimeacha jiwe moja bila kugeuza, ningekuambia shuka uligeuze. Sikuacha. Na njia inayotulia asubuhi, saa sita haijui tena utulivu. Nimekwisha kupeleka mutu mumoja Fataki kutafuta kitu kilichobaki, na mumoja amenitosha.

Gari ikisimama, kaa. Ukitaka, weka mukono mu soksi ushike lile fundo mpaka gari iondoke. Angalia ku dirisha, lia, mutu akikuuliza mwambie ni vumbi. Lakini matako yako yabaki ku kiti. Hilo si ombi, Noela.

Mahali pa ile ya bluu nimepaacha wazi mu blanketi, karibu na mabata. Shuka tupu linaonekana, upana wa kravati moja. Usiishone hapo, juu ili ilale itabidi ufungue fundo, na fundo lile silifungui na weye usilifungue. Pabaki hivyo. Barua hii naikunja kwa urefu naiweka pale, ndiyo maana imejikunja vibaya.

Uliniambia nikitia makasi hutarudi. Nimekusikia, na hili ndilo jibu langu, limechelewa lakini limefika. Makasi yanabaki na miye hapa Nyakasanza. Blanketi inaenda na weye. Papa yako akipiga hodi kwangu au kwako, tutavuta uzi achague mwenyewe ya kuvaa, na najua atachagua mabata. Na kama siku itakuja, weye ukiwa mutu muzima na miye nywele nyeupe, tukaona imetosha, tutakaa chini na blanketi katikati, weye utashika kitambaa na miye nitakata, au miye nitashika ukate. Mutu mumoja hawezi kukata vizuri kitambaa cha mushazari, kinakimbia. Inataka mikono minne. Kwa hiyo utarudi. Sitakata peke yangu, na weye hutakata peke yako, hata familia yote ya Mahagi ikisimama juu ya kichwa chako.

Giza imeingia sasa. Naona mustari kwa taabu.

Kuna mutu anapiga mulango. Mara mbili, kisha mara moja. Kila mara kwanza roho yangu inaruka mahali inajua yenyewe, hata leo, nisikudanganye. Kisha inarudi. Ni weye. Hakuna mutu mwingine anapiga hivyo mulango iliyofungwa, na nakuja kukufungulia.

Mama yako